Viwavi wa mzabibu na vipepeo wa mwisho wa mvua: kisa cha klabu moja ya shule Dodoma

Kisa hiki kilitokea pembezoni mwa jiji la Dodoma, kati ya Machi na Agosti, mwaka usio wa mbali. Majina ya shule, mtaa na watu nimeyaacha, na vitu vichache ambavyo vingemtambulisha mtu nimevigeuza. Hesabu za viwavi zimetoka kwenye daftari la klabu yenyewe. Mimi niliingia kama mtu wa kuulizwa: mwalimu mlezi alinipigia simu siku viwavi walipoanza kufa, na toka hapo nikawa napita pale karibu kila wiki. Makosa mawili kati ya yatakayosimuliwa ni yangu, na nitayataja yalipo.

Nimeandika kwa urefu kwa sababu walimu wengi wangependa kufuga kiwavi darasani ili watoto waone mabadiliko yake kwa macho, na wengi wakijaribu huishia na kopo la viwavi waliooza. Wakishindwa mara moja hawarudii tena. Hilo linaniuma, maana kosa huwa dogo na hurekebishika.

## Mahali na msimu

Dodoma hatuna masika na vuli kama watu wa Pwani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja: huanza Desemba, hukatika Aprili, na kwa mwaka mzima huwa kama milimita 600 tu au chini ya hapo. Kinachofuata ni miezi mingi ya ukavu. Ulaya watu hutazama vipepeo wa mwisho majani yanapopukutika na baridi inapokaribia, na mdudu wa kule hukimbizana na baridi. Mdudu wa hapa anakimbizana na jani kukauka. Aprili hadi Juni ndicho kipindi chenyewe. Nyasi zinageuka rangi, alizeti zinakomaa mashambani, na kila kiwavi aliyechelewa ana wiki chache za kula ashibe kabla jani halijamshinda.

Shule yenyewe ni ya msingi, ina uwanja wa udongo mwekundu unaofagiliwa kila asubuhi. Kuna mwembe mmoja mkubwa, mlimau mmoja nyuma ya ofisi, mijohoro kwenye uzio, mipapai michache nyuma ya nyumba ya walimu, na bomba lililokuwa likivuja. Klabu ya mazingira ilikuwa na wanafunzi 11 wa darasa la tano na la sita, chini ya mwalimu wa sayansi. Bajeti haikuwepo.

Kuzunguka eneo hilo kuna mashamba ya zabibu. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kati ya Februari na Aprili, kisha tena Agosti na Septemba. Ukishavunwa hupogolewa, nao huchipua majani mapya laini. Hapo ndipo kisa hiki kilipoanzia na ndipo kilipotaka kuharibikia.

## Kiwavi aliyeletwa kwenye kofia

Wiki ya kwanza ya Machi mvulana mmoja alikuja na kiwavi ndani ya kofia yake, amemtoa kwenye shamba la babu yake. Alikuwa mnene, urefu wa kidole, kijani, na pembe moja mkiani. Alipoguswa alirudisha kichwa ndani, shingo ikavimba, na pande zote mbili pakatokea alama mbili kama macho. Nusu ya darasa ilikimbia ikipiga kelele za nyoka.

Huyo ni kiwavi wa nondo anayeitwa kitaalamu Hippotion celerio. Wengine huwa kijani, wengine kahawia, na wote wana macho hayo ya kuchora yanayowatisha ndege. Akikua huwa nondo mwenye mwili kama risasi na mstari wa fedha kwenye bawa, anayesimama hewani mbele ya ua jioni na kunyonya kwa mrija mrefu bila kutua. Huruka mbali mno. Waliozaliwa Afrika huonekana hadi Ulaya.

Mwalimu aliamua kuwafuga. Sababu aliyoniambia baadaye ni kwamba watoto walikuwa wamekariri hatua nne, yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona moja ikigeuka kuwa nyingine. Mvulana akatumwa tena kwa babu na wenzake watatu, wakarudi na viwavi 13. Jumla 14.

## Vifo vya kwanza: chupa

Viwavi wanne wanne waliwekwa kwenye chupa za maji za plastiki zilizokatwa shingo. Chini waliweka pamba yenye maji ili majani yasinyauke, juu wakafunika kwa karatasi ya nailoni yenye vitundu vya sindano. Chupa zikapangwa dirishani ili watoto waone vizuri.

Siku ya tatu chupa zilikuwa zimejaa jasho ndani. Kinyesi kilianza kuota ukungu. Siku ya tano viwavi watano walikuwa wamelegea, wengine wakining'inia kichwa chini, ngozi nyeusi, na ukimgusa anapasuka na kutoa maji yanayonuka. Ndipo mwalimu akanipigia simu.

Dalili hizo hazikuhitaji kufikiri sana. Kiwavi anayelegea, kuwa mweusi na kuyeyuka ana maradhi, na maradhi ya viwavi hushamiri palipo na unyevu, joto na msongamano. Jua la dirishani lilikuwa linaipika chupa. Maji kiwavi huyapata ndani ya jani, kwa hiyo pamba ilikuwa huruma iliyoua. Nikamwambia ahamishie waliobaki kwenye ndoo kavu, wasizidi watatu kila ndoo, kivulini, afagie kinyesi kila asubuhi, kikonyo cha tawi kiingie kwenye kichupa chenye maji na mdomo wa kichupa uzibwe kwa karatasi, viwavi wasitumbukie. Mwisho nikamwambia: juu funika na neti.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Sikusema neti gani.

## Vifo vya pili: chandarua

Neti iliyo karibu na kila mtu ni chandarua. Mwanafunzi mmoja alileta kipande cha chandarua cha zamani, safi, kimefuliwa. Viwavi tisa waligawanywa kwenye ndoo tatu, na kipande hicho kilitosha ndoo mbili. Ya tatu ilifunikwa kwa mtandio mwepesi wa mwalimu mwenyewe.

Kesho yake, kwenye ndoo za chandarua, viwavi walikuwa wanatetemeka. Walijikunja na kujinyoosha, wakatapika maji ya kijani, wakashindwa kushika tawi. Wanne walikufa ndani ya siku mbili, na wote ni wale waliokuwa wamepanda juu na kutembea kwenye kitambaa. Ndoo ya mtandio haikupoteza hata mmoja.

Mwalimu alifanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwalo. Badala ya kunipigia mara moja, aliwaita watoto wasimame mbele ya ndoo tatu na kuwauliza tofauti ni nini. Majani yalikuwa ya shamba moja, kivuli kimoja, maji yaleyale. Msichana wa darasa la tano akasema, "Mwalimu, hizi mbili zimefunikwa na dawa ya mbu."

Alikuwa sahihi kabisa. Vyandarua vinavyogawiwa nchini vimetiwa kiuatilifu cha jamii ya sumu iliyomo kwenye pareto, ila hiki kimetengenezwa kiwandani na kina nguvu kwa muda mrefu. Hutengenezwa kihimili kufuliwa hata mara 20. Kwa hiyo kukifua chandarua hakumsaidii kiwavi. Ni kitu chema kinachofanya kazi yake kitandani, na mdudu yeyote anayekigusa anaipata kazi hiyohiyo.

Baada ya hapo ndoo zote zilifunikwa kwa kitambaa cha shela kilichonunuliwa mjini, mita moja.

## Aliyetupwa akiwa mzima

Kati ya watano waliobaki, mmoja alibadilika rangi mwishoni mwa Machi. Kijani kikawa kahawia chafu, akaacha kula, akatoa kinyesi cha majimaji, akaanza kuzunguka ndoo bila kutulia. Mwanafunzi wa zamu alikuwa ameshaona viwavi wakioza, akaamua huyu naye ameugua, asije akaambukiza wenzake. Akamtupa nje ya uzio. Kwa aliyoyaona wiki mbili kabla, uamuzi wake ulikuwa na akili.

Lakini kiwavi yule alikuwa amemaliza kula. Viwavi wa nondo hawa wakitaka kuwa pupa husafisha tumbo, hugeuka rangi, na hushuka chini kutafuta majani makavu au udongo wa kujificha. Mgonjwa hulegea. Aliye tayari kugeuka hutembea kwa nguvu kama mwenye safari. Mwalimu aliiandika tofauti hiyo ubaoni na ikabaki pale hadi likizo.

Wanne waliwekewa udongo mkavu kiasi na majani makavu chini ya ndoo. Kila mmoja akajisokotea nyuzi chache kati ya majani, akavua ngozi, akawa pupa. Kiswahili kina neno hilohilo kwa haraka ya mlaji mwenye njaa, na watoto walilifurahia sana. Kwa karibu wiki tatu klabu haikuwa na kazi ila kutofukua. Mwalimu alisema hizo ndizo wiki ngumu kuliko zote.

Katikati ya Aprili nondo walitoka, wote jioni. Watatu walipanda vijiti, wakaning'inia, mabawa yakashuka na kukakamaa. Wa nne alitokea kwenye ndoo ambayo vijiti vyake vilikuwa vimeondolewa wakati wa usafi. Kuta za plastiki zilimteleza, akabaki sakafuni, mabawa yakakauka yamejikunja. Nondo anapotoka mabawa yake ni kama kitambaa kilicholoana. Huyasukumia maji ya mwili akiwa ananing'inia, na nafasi ni hiyo moja tu. Aliishi siku nne kwa maji ya sukari yaliyowekwa kwenye pamba, kwa mikono ya watoto watatu waliokataa kumwacha.

Viwavi 14, nondo watatu walioruka.

## Kikao cha wazazi

Mwisho wa Aprili klabu ilikusanya viwavi wengine 12, safari hii kutoka majani mapya baada ya kupogoa. Na habari ikawa imefika mtaani kwamba shule inafuga viwavijeshi.

Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Viwavijeshi vamizi, wale wa asili ya mabara ya Amerika, walithibitika kuingia Tanzania mwaka 2017, na mkulima wa hapa ambaye mahindi na mtama wake vimeliwa moyo wa mmea haombi darasa la sayansi. Mwenyekiti wa kamati alifungua kikao kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, wakaitikia, kisha mama mmoja akasimama. "Mwalimu, sisi kule tunawanunulia dawa, ninyi huku mnawalisha?"

Mwalimu angeweza kueleza tofauti kwa maneno: kiwavijeshi vamizi ana alama kama Y iliyogeuzwa usoni na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia, huyu wetu ana pembe. Aliyasema hayo kwa kifupi. Kisha akamwomba mama yule achukue ndoo moja kwake nyumbani kwa usiku mmoja, yenye kiwavi mmoja, tawi la mzabibu na jani bichi la muhindi alilolichuma mama mwenyewe.

Asubuhi mama alirudisha ndoo mbele ya watu wawili watatu wa kamati. Jani la mzabibu lilibaki mishipa. La muhindi lilikuwa zima, halina hata tundu. Malalamiko yaliisha, na mama yule baadaye akawa anaulizia "yule wangu" kila anapopita.

## Vifo vya tatu: jani lilelile

Wiki ya kwanza ya Mei watoto walikwenda kuchuma majani kwa babu kama kawaida. Viwavi saba walilishwa majani hayo jioni. Watano waliobaki, akiwemo yule wa ndoo ya mama, walikuwa nyumbani kwa mwalimu mwishoni mwa juma, na mwalimu aliwachumia kwenye mzabibu wake wa kivuli uani.

Asubuhi saba walikuwa wamekufa au wanatetemeka. Dalili zilikuwa zilezile za chandarua.

Tulikwenda kwa babu pamoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua kilichowaleta. Juzi nilipiga dawa."

Alikuwa amechanganya salfa ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mzabibu, na dawa ya wadudu kwenye bomba moja la mgongoni, kama wanavyofanya wengi, ili asipite shambani mara mbili. Watoto walipokuja hakuwepo. Hakuwa na kosa lolote. Shamba ni lake, na viwavi wanakula majani anayoyategemea kwa mavuno ya Agosti.

Kosa lilikuwa langu la pili. Nilikuwa nimewafundisha kanuni moja kwa msisitizo: kiwavi mpe jani la mmea uleule ulikomkuta. Kanuni ni ya kweli. Ila nilisahau nusu yake, kwamba mmea uleule haubaki na hali ileile. Jani salama la Jumatatu linaweza kuwa sumu Ijumaa, na kwa macho halina tofauti.

Uamuzi uliofuata ulikuwa mwepesi. Majani yalichumwa kwa mwalimu tu, na daftari likaongezewa safu mbili: jani limetoka wapi, na nani ameulizwa kuhusu dawa.

## Vipepeo wa Jumatano

Sambamba na ndoo, klabu ilikuwa na kazi ya pili ambayo kwangu ilizaa matunda mengi zaidi. Kila Jumatano saa nne asubuhi walitembea dakika 20 kutoka getini hadi bombani, wakihesabu sura za vipepeo. Majina hawakuyajua, wakatunga yao: mweupe wa mjohoro, wa moto, mwenye macho, jani kavu.

Wiki ya pili ya Aprili waliandika sura 19. Mwisho wa Mei 11. Wiki ya mwisho ya Juni sita.

Hesabu yenyewe ilitarajiwa. Kilichonivutia ni mambo waliyoyakuta njiani. Mweupe wa mjohoro, Catopsilia florella, walimkamata akitaga kwenye majani machanga ya uzio, wakapata kiwavi wake bila kwenda popote. Kwenye mlimau walikuta vitu walivyodhani ni kinyesi cha ndege, hadi kimoja kilipotembea. Alikuwa kiwavi mchanga wa kipepeo wa malimau, ambaye akibinywa hutoa pembe mbili nyororo zenye harufu kali. Hao hawakuguswa kabisa, waliachwa mtini.

"Mwenye macho" na "jani kavu" walihesabiwa kama aina mbili kwa wiki sita. Wote walikaa chini ya mwembe kwenye maembe yaliyooza na nyasi za kivulini, wakiruka jioni. Kisha wakati wa masomo ya ziada msichana yule wa chandarua akagundua kwamba mwenye macho anapungua kadiri jani kavu anavyoongezeka. Ni kipepeo mmoja, Melanitis leda. Anayekua wakati wa mvua ana alama za macho chini ya mabawa, na anayekua ukavu ukianza hana, amefanana na jani lililoanguka, kwa sababu hapo mahali pa kujificha ni kati ya majani makavu. Walirekebisha hesabu zote za nyuma kwa kalamu nyekundu. Ningekuwa na medali ningeitoa siku hiyo.

Bomba nalo lina hadithi. Chini yake palikuwa na tope, na vipepeo weupe walijipanga hapo kwa makumi. Watoto waliandika kwamba wanakunywa maji, hadi mmoja akauliza mbona hawaendi kwenye ndoo yenye maji safi. Wengi wa wanaokaa topeni ni madume, wanafyonza chumvi zilizoyeyuka kwenye udongo. Katikati ya Mei fundi alitengeneza bomba, jambo ambalo shule ilikuwa inalihitaji kwa sababu ya bili. Wiki iliyofuata hapakuwa na kipepeo hata mmoja pale. Klabu ikaweka beseni bovu lililojazwa mchanga na udongo mahali palepale, wakawa wanamwaga humo maji ya kunawia mikono baada ya uji. Siku ya nne weupe walirudi.

## Kona isiyofagiliwa

Uwanja wetu wa shule hufagiliwa hadi ardhi ing'ae. Kwa nondo anayegeuka pupa kwenye majani makavu, na kwa kipepeo anayejificha humo, ufagio ni mwisho wa dunia. Mwalimu aliomba eneo chini ya mwembe lisifagiliwe. Mwalimu mkuu alikataa, kwa sababu mbili nzito: wakaguzi wa usafi, na nyoka karibu na watoto wadogo.

Walikubaliana kona ya uzio, mbali na madarasa, hatua nne kwa tatu, imezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa ili mkaguzi aone ni mpango. Majani ya mwembe yalipelekwa huko. Nilitaka eneo kubwa zaidi na nilisema hivyo. Leo naona mwalimu mkuu alipima vizuri kuliko mimi.

## Matokeo

Viwavi watano wa Mei waligeuka pupa mwishoni mwa mwezi huo. Mmoja alitoka mafunza, yakawa nzi wenye manyoya magumu. Mama yao alikuwa ameshataga juu ya kiwavi kabla hajachumwa. Watoto walitaka kuwaua. Mwalimu aliwaacha waruke na akampelekea babu habari. Babu akasema nzi hao ni vibarua wake asiowalipa.

Wanne waliobaki walichukua muda. Usiku wa Juni na Julai Dodoma joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na kilichochukua chini ya wiki tatu mwezi Aprili sasa kilipita wiki tano. Wawili walitoka mwanzo wa Julai, mmoja siku kumi baadaye. Wa nne alikauka ndani ya gamba.

Swali la kuwaachia wapi lilijadiliwa kwa uzito. Haikuwa haki kuwarudisha kwenye mizabibu ya babu. Lakini ukavu ulikuwa umeshika na maua ni machache. Waliachiwa jioni kwenye mipapai nyuma ya nyumba ya walimu: maua ya mpapai hufunguka na kunukia usiku, na nondo wa kundi hili ndio wanaobeba chavua yake kutoka mti dume kwenda jike. Mmoja aliruka moja kwa moja gizani. Mwingine alisimama hewani mbele ya ua kwa sekunde chache, na watoto 11 hawakupumua.

Kwa jumla: viwavi 26, nondo sita walioruka.

## Uchambuzi

Sita kwa 26 si aibu. Porini wanaofika ni wachache zaidi. Tatizo ni kwamba viwavi 16 walikufa kwa mambo matatu tuliyoyaleta sisi: unyevu, chandarua, dawa ya shambani. Ukiyatazama, hakuna hata moja lililotoka kwa kiwavi. Lote ni jani na kinacholizunguka jani. Kila mtu aliyenijia na kiwavi ameniuliza ni mdudu gani huyu. Ningependa swali la kwanza liwe umemkuta kwenye jani gani, na la pili, jani hilo leo lina nini. Jina linaweza kusubiri hata miezi. Njaa ya kiwavi haingoji kesho.

Kilichotuokoa mara mbili ni kutofautiana kwa bahati: mtandio kwenye ndoo moja, mzabibu wa mwalimu kwa viwavi watano. Laiti ndoo zote zingefunikwa chandarua, tungesema maradhi yameendelea. Toka hapo nashauri kugawa kwa makusudi: kamwe usilishe wote majani ya chanzo kimoja, wala usifunike ndoo zote kwa kitambaa kimoja. Nashauri pia jani jipya alijaribu kiwavi mmoja kwa usiku mmoja kabla ya wengine. Ni ukatili mdogo, nakiri.

Uamuzi bora wa kisa chote, kwa maoni yangu, ni ndoo kulala kwa mama aliyelalamika. Mwalimu angeshinda kwa maelezo na bado akabaki na mzazi mwenye kinyongo.

Ushauri wangu wa simu ulikuwa mwepesi mno. Mtu aliye mbali hana budi kuuliza kila kitu kinachogusa ndoo, kwa jina lake na kilikotoka, kabla ya kusema fanya hivi. Na kuhusu aliyetupwa, dalili za kukaribia kugeuka zilipaswa kufundishwa siku ya kwanza, pamoja na za ugonjwa. Tuliwafundisha watoto kuogopa kifo kabla ya kuwafundisha mabadiliko yenyewe.

Jambo moja sikulitatua. Kukusanya viwavi mwishoni mwa mvua, wakati wamebaki wachache, kunapunguza wale wa kuuvuka ukavu? Klabu iliamua kutokusanya tena baada ya tarehe 1 Juni, na kwa mwaka uliofuata walianza Februari, jani likiwa tele. Naunga mkono uamuzi huo.

Agosti, siku za mavuno, nilipita kwa babu kununua zabibu. Mwisho wa mstari wa mpakani kulikuwa na mzabibu mmoja uliofungwa kitambaa chekundu shinani, majani yake yametobolewa ovyo. Nikamuuliza. "Huo ni wa shule," alisema. "Kijana wa bomba la dawa nimemwambia akifika hapo azime."